Matunzo ya Mtoto na Mke Aliyeachwa

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Talaka katika mitaa na vijiji vya Unguja na Pemba mara nyingi hutolewa kwa maneno machache. Mke hurejea kwao na watoto, pasi na karatasi wala makubaliano, na hapo huanza kusubiri. Mwezi huu baba huleta kilo mbili za unga, mwezi wa pili haonekani. Wazee humwambia mama astahamili. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini subira ya namna hiyo humpotezea mtoto haki yake, na wapi msaada wa kisheria unapatikana.

Haki za mke

Mke aliyeachwa talaka rejea, kwa muda wote wa eda yake, hubaki na haki ya chakula, nguo na makazi. Aliyeachwa talaka tatu, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa visiwa hivi, ana haki ya makazi wakati wa eda. Na akiwa mjamzito, hustahiki matunzo mpaka ajifungue. Juu ya hayo ipo mut'a, nayo ni kiliwazo anachopewa mke aliyeachwa bila ya kosa lake. Mahari yaliyobakia hayafutwi kwa talaka. Ni deni.

Haki za mtoto

Matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba. Kiwango chake huangaliwa kwa haja ya mtoto na uwezo wa baba. Mvuvi hatakiwi kutoa sawa na mfanyabiashara mkubwa, lakini udogo wa kipato si ruhusa ya kumtelekeza mtoto. Wapo wanaodhani kuwa mtoto akilelewa na mama, basi baba ameshapumzika. Dhana hiyo si sahihi. Ulezi na matunzo ni mambo mawili mbalimbali: mama anaweza kuwa mlezi, na mzigo wa matunzo ukabaki kwa baba.

Hasara ya kuchelewa

Uchukuliwe mfano wa mama mkulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Mumewe, mvuvi, amemwacha na watoto watatu, naye amekwenda dago. Kwa miaka miwili mama huyo analisha, anavisha na ananunua madaftari ya skuli kwa fedha za mwani. Akichoka, anakwenda kudai.

Hapa ndipo wengi wasipopajua. Matunzo ya mke ambayo mume hakuyatoa wakati wa ndoa huwa ni deni juu yake, hata ikipita miaka. Ama matunzo ya mtoto, kwa mafunzo ya madhehebu hayo hayo, siku zikipita hayageuki kuwa deni, isipokuwa Kadhi awe ameyaamuru au ameruhusu kukopa kwa ajili yake. Kwa hiyo mama aliyenyamaza miaka miwili kwa ajili ya kuhifadhi heshima ya familia, huenda akakuta kuwa miaka hiyo imekwenda bure. Aliyefika mapema ana amri mkononi, na amri hiyo ndiyo inayohesabu siku.

Njia ya kufuata

Madai ya Waislamu juu ya ndoa, talaka na matunzo hupelekwa katika Mahakama ya Kadhi ya Wilaya. Mahakama hizo zinaongozwa na Sheria Nam. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985. Aidha, Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya 2011, inayomhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, imeweka masharti ya ulezi na matunzo kwa watoto wa dini zote.

Mdai anashauriwa kuchukua cheti cha ndoa, hati ya talaka ikiwapo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na orodha ya matumizi ya kila mwezi. Ni vyema pia aeleze kazi ya baba na mahali anapoipatia riziki yake. Asiye na hati ya talaka asikate tamaa. Aende na mashahidi.

Asiyeweza kumlipa wakili asibaki nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018 imewawekea utaratibu watu wa namna hiyo. Wapo wasaidizi wa sheria katika shehia, kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1992, na ipo Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar.

Nasaha

Masheha na wazee wanaosuluhisha wanafanya jambo jema. Hata hivyo, kila sulhu iandikwe: kiasi gani, siku gani, kwa mkono wa nani. Mali bila daftari huisha bila habari. Maandishi hayo humlinda na baba pia, kwani wapo wanaotoa kila mwezi kisha wakashindwa kuthibitisha.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa mambo mawili. Anayeshughulikia majalada ya mishahara, akipokea hati ya mahakama, aijibu kwa wakati. Na mtumishi ambaye yeye mwenyewe ni baba asingoje hati hiyo.

Mume na mke huachana, na wakishaachana kila mmoja huweza kuoa au kuolewa kwengine. Mtoto hana baba mwengine wa kumwendea.

Wabillahi Tawfiq.