Mwenye njaa naye apige kura

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa Waafrika Mashariki, Soweto)



Nina hoja moja tu. Kamati inapendekeza kwamba mwanachama anayepokea unga na mafuta kutoka mfuko wetu asipige kura mpaka alipe ada. Tumeambiwa mwenye njaa hana haja ya mikutano, ashibe kwanza. Mjumbe mmoja akamtaja hata Maslow.

Huyo sisi wauguzi tulimkariri chuoni. Mwaka 1943 mwanasaikolojia huyu wa Marekani aliyapanga mahitaji ya binadamu kama ngazi: chini chakula, maji na usingizi, kisha usalama, upendo, heshima, na juu kabisa mtu kukitimiza kipaji chake. Sikatai, inasaidia. Mgonjwa akiletwa anavuja damu, simwulizi kwanza habari za ndoto zake. Lakini katika makala hiyohiyo Maslow alisema mpangilio huo haujakaza hivyo, na kwamba wapo watu wanaotoa kila kitu kwa ajili ya wanachokiamini. Wengi wanaomtaja wameishia kwenye mchoro wa piramidi, na mchoro wenyewe haumo katika makala ile!

Jamani, tuko Soweto. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi walitoka madarasani kuelekea uwanja wa Orlando. Walitoka kwenye vijumba vya vyumba vinne, vingi havina umeme, familia zimebanana. Kwa hesabu ya ngazi, wangedai mkate. Wao walikataa kufundishwa hesabu na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, lugha ya waliowatawala. Polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Usalama wao, ngazi ya pili ile, waliuweka rehani kwa ajili ya heshima, ya nne.

Waliokimbia, wengine walifika kwetu Tanzania. Mwaka 1977 serikali ikawapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, lililokuwa shamba la mkonge. Pale hapakujengwa jiko la wakimbizi tu. Ilijengwa shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Tanzania yenyewe ilikuwa maskini, haikungoja ishibe ndipo iwaze utu wa wengine.

Na kazini nimeona mgonjwa akiacha dawa na uji wa bure kwa sababu alifokewa mbele ya watu. Njaa ilikuwepo. Hakurudi.

Wenzetu hawa wanaopokea unga ndio wanaojua unga unafika lini na nani anarukwa. Tukiwanyima kura, nani atatuambia? Naomba pendekezo lifutwe, na wapewe viti viwili katika kamati ya mfuko.

Mwenyekiti, natoa hoja.