Udogo Nao Una Bei: Je, Kadi Ndogo ya Grafiki Yastahili Gharama Yake?

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa mlaji, Dar es Salaam



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kifaa ambacho wengi wetu hatukioni kwa kuwa kimefichwa ndani ya kasha la kompyuta, lakini ambacho mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote vilivyomo humo, yaani kadi ya grafiki. Nitazungumzia hasa kadi ndogo za daraja la juu, zile zinazosifiwa kuwa zina nguvu za kadi kubwa katika umbo la kiganja.

Nianze na kisa. Kijana mmoja anayehariri video za harusi alifika kwetu kuuliza kabla ya kununua, jambo ambalo natamani lingekuwa desturi yetu sote. Fedha alizokuwa nazo alizikopa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Muuzaji alimshauri achukue kadi ndogo, akimwambia kwamba siku hizi kilicho kidogo ndicho bora. Bei yake ilizidi kwa mbali bei ya kadi ya kawaida. Kijana aliuliza swali moja tu: ile ziada, nailipia nini?

Jibu linaanzia kwenye joto. Kadi ya grafiki hufanya hesabu nyingi mno kwa wakati mmoja ili kuchora kila picha tunayoiona. Hesabu hizo hula umeme, na umeme huo hugeuka joto ambalo sharti litolewe nje. Ndiyo sababu kadi zenye nguvu huwa ndefu, zikabeba feni mbili au tatu na mapezi mengi ya chuma. Anayetaka kuifupisha kadi ana njia tatu: achague chipu chache zinazokubali kufanya kazi kwa umeme kidogo, atumie kumbukumbu inayokaa mahali padogo, au apunguze kasi. Njia mbili za kwanza huongeza gharama; ya tatu hupunguza kazi. Mara nyingi zote tatu hutumika pamoja, na mnunuzi huzilipia zote.

Tazameni mfano unaojulikana. Mwaka 2015 kampuni ya AMD ya Marekani ilitoa kadi mbili zenye chipu ya aina moja. Ya kwanza, R9 Fury X, ilitoka mwezi Juni kwa dola 649. Ya pili, R9 Nano, ilitoka Septemba kwa dola hizo hizo 649. Zote zilikuwa na vitengo 4,096 vya kukokotoa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nano ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 15 tu na ilitumia wati 175, ilhali Fury X ilitumia wati 275 na ilihitaji mahali pa kufunga kipoza maji. Kwa ufundi, Nano ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano.

Hata hivyo, kwenye tangazo lake palikuwa na neno moja dogo: kasi yake ilitajwa kuwa "hadi" megahezi 1,000. Wakaguzi walipoipa kazi nzito kwa muda mrefu, kasi hiyo ilishuka hadi karibu na 900, kwa sababu kadi ilikuwa ikijizuia isivuke kiwango chake cha umeme. Hapakuwa na uongo hapo, kwani neno "hadi" hutaja dari, halitaji mahali mtu anapokaa kila siku. Basi aliyenunua Nano alilipa bei ile ile, akapata kasi pungufu kidogo, na tofauti akaipokea kwa sura ya nafasi na umeme. Kwa mwenye kasha dogo hiyo ilikuwa biashara halali. Kwa mwenye kasha kubwa ilikuwa hasara.

Soko lenyewe likatoa hukumu yake. Januari 2016, miezi minne tu baada ya kutoka, Nano ilishushwa bei hadi dola 499. Aliyesubiri alibakiwa na dola 150 mfukoni kwa kifaa kile kile. Wauzaji hupenda kusema kizuri chajiuza. Ila kitu kinachopunguziwa bei kwa kiasi hicho ndani ya miezi minne hakikuwa kinajiuza.

Wakati huo palikuwa na mshindani wa bei nafuu, GTX 970 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2014 kwa dola 329, na ambayo baadhi ya watengenezaji waliifupisha hadi takriban sentimita 17. Nayo ina funzo lake. Iliuzwa kama kadi ya gigabaiti 4, lakini baadaye ikabainika kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilifanya kazi polepole mno kuliko zile tatu na nusu za mwanzo. Wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kulimaliza shauri kwa kulipa dola 30 kwa kila kadi. Kwa hiyo hata namba iliyochapwa juu ya boksi ni haki ya mlaji kuihoji.

Msidhani mambo hayo yamepita. Mwaka 2023 NVIDIA ilitoa RTX 4000 SFF Ada, kadi ya nusu kimo inayotumia wati 70 tu, kwa bei ya takriban dola 1,250. Mwaka huo huo ilitoa RTX 4070, yenye chipu ya jamii hiyo hiyo na inayotumia wati 200, kwa dola 599. Ile ndogo ina kumbukumbu kubwa zaidi, gigabaiti 20 dhidi ya 12, na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Lakini kwa kufungwa ndani ya wati 70, haiwezi kuifikia kasi ya mwenzake aliyeuzwa chini ya nusu ya bei yake.

Nani basi anunue kadi ndogo? Anunue yule ambaye udogo ni sharti la kazi yake: mhandisi anayebeba kompyuta kutoka eneo hadi eneo, hospitali yenye mashine iliyojengewa ukutani, ofisi yenye makasha membamba yasiyoweza kubadilishwa. Mwingine, kabla ya kulipia udogo, apige hesabu ya kununua kasha kubwa zaidi. Mara nyingi kasha hugharimu sehemu ndogo tu ya ile ziada. Akumbuke pia kwamba hapa kwetu pwani kuna joto na vumbi. Kadi iliyobanwa ndani ya kasha finyu, katika chumba kisicho na kiyoyozi, itapunguza kasi yake mapema ili ijikinge.

Kabla ya kutoa fedha, fanya mambo haya. Pima kwa rula nafasi iliyomo ndani ya kasha lako: urefu, kimo na unene. Soma kiwango cha wati kwenye kifaa kinachoingiza umeme katika kompyuta yako. Tafuta vipimo vya kazi unayoifanya wewe, maana anayehariri video na anayecheza michezo hawahitaji kitu kimoja. Uliza kama dhamana inatambuliwa hapa nchini, au utalazimika kuirudisha kadi ng'ambo kwa gharama zako. Ikiwa ni kadi iliyotumika, ijaribiwe mbele yako kwa kazi nzito, kwa kuwa zipo kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Mwisho, dai risiti yenye jina kamili la kadi, kwani mlalamikaji asiye na risiti huanza safari yake akichechemea.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu fedha alizozitoa kwa hiari kununua kitu kizuri asichokihitaji. Hapo mlinzi ni yeye mwenyewe.

Yule kijana nilimwomba aende nyumbani akapime. Alirudi kesho yake na karatasi: ndani ya kasha lake mlikuwa na sentimita 33 za nafasi tupu. Alinunua kadi ya kawaida, na kiasi kilichobaki akakirudisha kikundini kupunguza deni. Kadi ile ndogo haikuwa mbaya. Yeye tu hakuwa na tatizo ambalo kadi ile ilitengenezwa kulitatua.