Ukianguka na Boda: Habari za Mfupa Uliovunjika

Leo tunaongea juu ya boda na mifupa.

Wengi wenu mna watu wa kwenu Kampala. Wanaokaa upande wa Nakawa wanaijua barabara ya Jinja: malori yanayotoka Kenya, teksi, na boda zinazojipenyeza katikati. Siku hizi kuna boda za umeme. Hazitoi moshi, na dereva anabadilisha betri badala ya kununua petroli. Ila hazina mlio. Mtoto aliyezoea kukwepa pikipiki akisikia ngurumo, hii haisikii mpaka imemfikia. Basi mfundishe atazame pande zote mbili, asitegemee masikio. (Vile vidude vya umeme vya kusimama juu, vinavyovunja watu mikono Ulaya, huku bado tunaviona zaidi kwenye simu.)

Na wewe mzazi, usimkalishe mtoto mbele juu ya tangi. Boda ikigonga, yeye ndiye anayetangulia. Akikaa nyuma, angalia miguu yake isiingie kwenye spoki.

Mtu akianguka hutanguliza mkono, ndiyo maana kifundo cha mkono huvunjika sana. Abiria anayegongwa na gari ubavuni huumia mguu chini ya goti, kwenye muundi, na mfupa huo uko karibu sana na ngozi, hutoboa kirahisi. Ukiona jeraha juu ya mfupa uliovunjika, lifunike kwa kitambaa safi, usitie udongo wala majani, na twende hospitali siku hiyohiyo. Anahitaji dawa ya kuzuia uchafu usiingie mfupani, na sindano ya pepopunda.

Usiuvute mguu uliopinda. Ufunge ulivyo, kwa kadibodi na kitenge, kisha tafuta gari. Kumpakia mtu kwenye boda nyingine, mguu unaning'inia, ni kumvunja mara ya pili. Akilalamika shingo au mgongo, msimwinue ovyo. Pigeni 999 au 112.

Sasa tuje kwa waunga mifupa. Najua wengi tunawaendea, ni wa karibu na wanakubali kulipwa kidogokidogo. Sitawatukana, wapo waliowasaidia wazee wetu. Lakini wao hawana eksirei, na hatari kubwa ni ile kamba. Mkono uliovunjika huvimba. Ukifungwa vijiti kwa nguvu, damu haipiti, na nyama inaanza kufa baada ya saa chache. Mtoto aliyevunjika karibu na kiwiko ndiye wa kuogopewa zaidi. Anaweza kuingia na mfupa mmoja umevunjika, akatoka bila mkono.

Kwa hiyo, iwe ni vijiti au plasta ya hospitali, tazama vidole. Vikiwa vya baridi, vimepauka, vina ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usisubiri asubuhi. Ni vijiti? Fungua. Ni plasta? Rudi usiku huohuo waikate.

Mfupa wa mtoto ni kama tawi bichi: mara nyingine unapinda tu bila kukatika. Unaunga haraka, kifundo cha mkono wiki tatu hadi sita. Lakini karibu na kiungo pana sehemu inayokuza mfupa, na ikiumia, mkono unaweza kukua umepinda. Usimkatize tarehe za kurudi kwa sababu anacheza tena. Mtu mzima aliyevunjika muundi hukaa miezi mitatu, minne, hata zaidi. Kwa baba anayebeba mizigo sokoni, hiyo ni miezi ya njaa nyumbani, kwa hiyo ile helmeti na ule mwendo wa polepole mdai dereva kabla hujapanda.

Nakawa kuna hospitali ya serikali ya Naguru, na kubwa zaidi ni Mulago. Uganda inawapokea wakimbizi katika hospitali za serikali kama wananchi, na tangu 2001 wodi za kawaida hazitozi ada. Hata hivyo dawa au vyuma vinaweza kukosekana ukaambiwa ununue, basi uliza mapema, jamaa wajipange. Nenda na karatasi zako za ukimbizi. Na ile picha ya eksirei usiifiche chini ya godoro ikakunjika. Ibebe kila unaporudi kwa daktari.