Kung'arisha Gari ni Kupunguza Rangi
(Mazungumzo na vikundi vya vijana waosha magari, Migori na Homa Bay)



Leo tuzungumze juu ya kung'arisha magari, kwa maana kikundi kimoja tunachokitembelea kiliumia. Waliletewa gari la buluu lililofifia. Kijana akashika mashine, akasugua ukingo wa boneti mpaka rangi ya chini, ile ya kijivu, ikatokea. Akiba ya miezi minne ikaenda kwa fundi wa kupaka rangi.

Tulipokaa nao tukaona kosa liko wapi. Walidhani mng'ao hutoka kwenye kopo, kama mafuta ya kujipaka. Sivyo! Vumbi la barabara zetu huacha mikwaruzo midogo midogo, na mwanga ukipiga pale hutawanyika. Kung'arisha ni kusawazisha mikwaruzo hiyo. Yaani kila ukisugua, unapunguza rangi. Na rangi yote iliyopakwa kiwandani, unene wake ni kama karatasi moja au mbili za daftari. Lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, ni chini ya nusu ya hapo. Sasa mnaona hatari yenyewe?

Basi tufuate hatua hizi:

1. Osheni gari vizuri, likauke, liwe kivulini. Chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa huchora gari zima.

2. Jaribuni mahali padogo kwanza, kwa polishi laini. Ikishindwa ndipo mtumie kompaundi kali. Msasa wa maji, namba 2000, ni wa mkwaruzo mkubwa tu.

3. Tazameni kitambaa. Magari mengi ya zamani hayana klia, kwa hiyo kitambaa kikishika rangi kidogo si ajabu. Lakini gari lenye klia likitoa rangi, acheni mara moja. Klia imekwisha.

4. Kwenye kingo rangi ni nyembamba zaidi. Zifunikeni kwa utepe wa karatasi, mzisugue kwa mkono. Mashine isikae mahali pamoja, itachoma.

5. Malizeni kwa nta. Nta hailetei gari rangi mpya, bali huulinda mng'ao mlioupata.

Tena, ninyi wa Homa Bay, msioshe magari mkiwa mmesimama ziwani. Huko Kisumu watafiti wamewafuatilia waosha magari wa ufukweni tangu miaka ya 1990, wakakuta wengi wanatibiwa kichocho na kuambukizwa tena. Maji hayo pia hubeba mchanga. Choteni maji ya bomba au ya kisima, mwoshee nchi kavu, mbali na ziwa, ili sabuni na mafuta visirudi humo.

Mwisho, kabla ya kushika kitambaa, zungukeni gari pamoja na mwenyewe. Andikeni kila mkwaruzo kwenye daftari la kikundi, atie sahihi. Mkiona rangi imechoka, mwambieni ukweli: "Mzee, hii tukisugua itaisha." Mtakosa pesa ya siku moja, lakini atarudi na gari lingine.

Kile kikundi bado kinafanya kazi. Yule kijana hakufukuzwa. Siku hizi ndiye anayefunika kingo.