Huzuni ya Siku za Kwanza: Tusimwache Peke Yake Mwenye Kuacha Sigara

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba na wageni, Baraka, tarehe 31 Mei)



Leo ni siku ambayo Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka kwa ajili ya kupinga tumbako. Kila mwaka siku hii watu wanahubiriwa mambo ya mapafu, kansa na moyo. Ni kweli tupu: tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka katika dunia. Lakini sisi tunaozunguka vijijini na pikipiki tunaona kama wanaovuta wanayajua hayo tayari. Wengi wao wamekwisha kujaribu kuacha, mara moja, mara mbili, mara tatu. Sasa ni nini inawarudisha? Leo tuzungumze jambo moja tu ambalo halisemwi sana: huzuni.

Munajua namna inavyokuwa. Mutu anaacha siku ya kwanza kwa nguvu. Siku ya pili, ya tatu, roho inakuwa nzito. Usingizi unakataa. Anawafokea watoto bila sababu. Shamba analiona kama mlima. Ndipo anajisemea: "Kumbe sigara ndiyo ilikuwa inanishikilia. Bila yenyewe sitaweza." Anapita kwenye butiki, ananunua moja tu, anawasha, na dakika ile ile roho inatulia. Basi kwake kesi imekwisha: sigara ni dawa ya mawazo.

Hapo ndipo tunawapoteza watu. Kwa hiyo tuuchunguze ule ushahidi vizuri.

Ndani ya tumbako kuna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta, inafika kwenye ubongo katika sekunde 10 mpaka 20 hivi, na ubongo unatoa raha kidogo. Lakini haikai. Kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu. Ubongo uliozoea unaanza kudai, na kudai kule ndiko wasiwasi, hasira na roho nzito. Ukivuta tena, unatulia. Kumbe sigara ya mchana imelipa deni ambalo sigara ya asubuhi ndiyo ililileta! Ni kama mutu anayekukopesha asubuhi, jioni anakuja kudai na faida juu, halafu unamshukuru kwa sababu amekubali kukukopesha tena. Na ba bibi wetu wanaonusa ugoro, hata wale wa kiko, wasifikiri tunasema wengine: nikotini ni ile ile.

Habari njema ni hii: deni hilo lina mwisho. Dalili zinaanza ndani ya siku ya kwanza, zinapanda sana katika siku chache za mwanzo, halafu zinashuka. Kwa watu wengi, wiki 2 mpaka 4 zimepita nazo zimepita. Mwaka 2014 jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilitoa kazi ya watafiti waliokusanya tafiti 26 pamoja. Waliona kama watu walioacha, baada ya wiki kadhaa, huzuni na wasiwasi wao vilipungua kuliko wale walioendelea kuvuta. Ilikuwa hivyo hata kwa watu waliokuwa na ugonjwa wa akili tokea mbele. Kwa hiyo mutu anayerudi kuvuta siku ya tatu ili apate nafuu anaukimbia mlango wakati amekwisha kuushika kitasa.

Lakini hatutawadanganya kama yote ni nikotini. Sisi wenye kurudi tuko na huzuni nyingine.

Wengi katika shirika hili walianza kuvuta, ao walizidisha, wakati wa kukimbia mwaka 1996 na miaka ya kambini, Nyarugusu na Lugufu, ambako siku ilikuwa ndefu na kazi hakuna. Halafu tokea mwaka 2005 watu wakaanza kurudishwa kwa meli, toka Kigoma mpaka hapa Baraka. Kuna waliokuta shamba la baba linalimwa na mutu mwingine. Kuna waliokuta nyumba ni kichaka, na waliowaacha wazima wakaonyeshwa makaburi yao. Mambo hayo sigara haikuyatengeneza. Ilikuwa tu kifuniko juu ya chungu. Ukiondoa kifuniko, mvuke unatoka, na mutu anafikiri kuondoa kifuniko ndiko kumeleta moto.

Basi mwenye kuacha anakutana na huzuni mbili kwa mara moja, na inafaa ajue kuzitenganisha. Huzuni ya nikotini inakuja kwa mawimbi: inapanda, inashuka, na wiki hii iko na nguvu kidogo kuliko wiki iliyopita. Huzuni nyingine inakaa. Inaamka na wewe, inalala na wewe, chakula na nyimbo na watoto vyote vinapoteza ladha. Ikipita wiki 2 na iko hivyo karibu kila siku, huyo mutu aende kituo cha afya, aseme wazi kama ameacha sigara na roho haijapanda. Huo si uvivu, wala si kurogwa. Ni ugonjwa, na unatunzwa. Na mutu akianza kusema anataka kufa, ao afadhali asingekuwako, tusingoje wiki 2. Tumpeleke siku ile ile, asibaki peke yake hata saa moja, na dawa za shamba tuziweke mbali naye.

Sasa, siku zile za kwanza tutazipita namna gani?

Kwanza, tuchague siku. Isiwe wiki ya kesi ya shamba wala ya matanga, kama inawezekana. Na tuwaambie watu wa nyumbani mapema: "Mama fulani, wiki hizi mbili nitakuwa mkali. Si wewe, ni tumbako inatoka." Neno hilo moja linaweza kuzuia ugomvi mwingi.

Pili, tujue kama hamu ya kuvuta haikai saa nzima. Ni dakika chache, kisha inapungua yenyewe. Kazi yetu ni kuzivuka hizo dakika. Kunywa maji polepole. Kuvuta hewa ndani taratibu na kuitoa taratibu. Kuipa mikono kazi: kupukuchua mahindi, kushona wavu, kuchambua ndagala. Kutembea haraka hata dakika 10 kunapunguza hamu, na kunainua roho pia.

Tatu, tusikae na njaa. Mwili ulioacha sigara unadai chakula zaidi, na njaa inajifanya huzuni. Muhogo wa kuchemsha ao ndizi mufukoni ni silaha nzuri. Kahawa tuipunguze, kwa sababu moshi wa sigara ulikuwa unaifanya itoke mwilini haraka. Ukiacha moshi, kikombe kile kile kinakaa ndani zaidi, na kinakuibia usingizi. Pombe nayo, iwe kasiksi ao lotoko, tuikae mbali wiki hizo. Inalegeza ahadi, na asubuhi yake roho iko chini kuliko jana.

Ine, pesa ya sigara tuipe jina. Tuseme moja ni franka 200 na mutu anavuta tano kwa siku. Ni franka 1.000 kwa siku, 30.000 kwa mwezi. Tuiweke kando kila jioni, tuiingize katika likelemba. Mutu mwenye roho nzito anahitaji kuona kwa macho kitu kinachopanda.

Tano, anayetumia dawa za sukari ao za ugonjwa wa akili amwambie muganga kabla ya kuacha, kwa sababu vipimo vya dawa fulani vinaweza kubadilika. Kuna pia dawa za kusaidia kuacha, za kutafuna na za kubandika kwenye ngozi. OMS iliziweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Hapa kwetu si rahisi kuzipata, lakini tuendelee kuziuliza. Dawa isiyoulizwa haiagizwi.

Na aliyeteleza akavuta moja, asiseme "nimekwisha haribika, basi nimalize pakiti." Aliyejikwaa njiani hatupi mzigo kurudi alikotoka. Aendelee kesho asubuhi.

Ndugu wanamemba, haya yote mutu mumoja hayawezi siku ya tatu, saa za usiku, wakati roho inamwambia hana faida. Ndiyo sababu tunayaleta mbele ya shirika. Tunajua kusaidiana kwa matanga, kwa mgonjwa, kwa mama aliyejifungua. Tuongeze hili. Kila mwenye kuacha apewe mwenzi mumoja katika kikundi chake, mutu anayejua kusikiliza na kufunga kinywa. Mwenzi huyo ampitie siku ya 2, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Asimhubirie. Amuulize tu: umelala? umekula? roho iko namna gani? Ile siku ya 14 ndiyo ya kuangalia sana: ikiwa roho haijainuka hata kidogo, waongozane wawili mpaka kituo cha afya. Na katika mikutano yetu na matanga yetu, tuache kumpa sigara mutu aliyesema ameacha. Hata kwa mchezo.

Wafadhili wetu, munatuuliza mara nyingi tunahitaji nini. Mabango ya kuonyesha mapafu meusi tunayashukuru, lakini mutu mwenye huzuni bango halimpitii nyumbani. Tusaidieni waganga wa vituo vyetu na wale reko wanaozunguka kijijini wafundishwe kuitambua huzuni ya ugonjwa na kuitunza. Mwenzi wa kikundi anaweza kumfikisha mutu mlangoni. Tunataka ndani awe na mutu wa kumpokea.

Sekretari yuko na daftari pale mezani. Kuna kurasa mbili: moja ya wanaotaka kuacha, moja ya wanaokubali kuwa wenzi. Tunaomba ya pili ijae mbele ya ya kwanza.