Nani anashika neno la siri? Maneno yetu kwa vijana wa Kindu juu ya vikundi vya kazi vya ramani



Tutaanza na aibu yetu wenyewe. Tusipoisema sisi, mtaisikia sokoni, tena ikiwa imeongezwa chumvi.

Mwaka jana tulisema tutachora Kindu katika OpenStreetMap. Kwa wale ambao hawaijui: ni ramani ya dunia nzima ambayo watu wenyewe wanaichora. Ilianzia Uingereza mwaka 2004. Programu zake ziko wazi, kila mtu anaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Data yake pia iko wazi: unaichukua bila kulipa, unasema umeitoa wapi, na ukiitengeneza vizuri zaidi na kuitoa kwa watu, unaiacha wazi vilevile. Basi.

Tukafungua kikundi cha WhatsApp. Siku ya kwanza tulikuwa watu hamsini na kitu. Siku ya tatu tulikuwa na mratibu, mratibu msaidizi, katibu, washauri wawili na mweka hazina (hazina ya nini, mpaka leo hatujui). Tusidanganyane. Karibu wote tuko na diploma, karibu wote hatuna kazi, na kila mmoja alitaka cheo cha kuandika kwenye CV. Waliochora kweli walikuwa wanne.

Hawa wanne walitumia akaunti moja, na neno la siri lilikuwa kwa yaya mmoja. Kwake pia kulikuwa karatasi zote za majina ya avenyu, visima na vituo vya afya, kazi ya wiki sita kwa miguu. Yaya akapata kazi mbali, akaenda. Hatumlaumu, nani kati yetu angekataa? Lakini simu yake iliibiwa njiani, karatasi zilibaki katika nyumba ambayo imekwisha kupangishwa na watu wengine, na sisi tukabaki tunaangalia ramani yenye mapaa bila majina. Wiki sita zilipotea juu ya kitu kidogo hivyo.

Kisha kuna yule mama wa Alunguli. Mwenzetu aliingia katika lupango yake na simu mkononi, hakuaga, hakueleza. Mama akauliza: "Ninyi munapima lupango yangu juu ya kuiuzisha?" Alikuwa na haki. Katika mji huu mtu anayekuja kupima, mara nyingi amekuja kuchukua.

Sasa tumesoma namna wengine wanavyofanya. Shirika linalobeba OpenStreetMap liko na vikundi vya kazi vya watu wa kujitolea. Kimoja kinatunza mashine, kingine kinaangalia leseni, kingine kinaamua ugomvi wa data na kuzuia wanaoharibu ramani. Kila kikundi kiko na kazi yake iliyoandikwa, na mtu wa kawaida anaweza kuomba kuingia. Hatusemi kule ni peponi, wanagombana pia. Lakini wanagombana juu ya kazi inayojulikana.

Angalieni pia namna wanavyogawa uchoraji. Eneo kubwa linakatwa vipande vya mraba. Unachukua kipande kimoja, kinafungwa kwa jina lako, unachora, unakirudisha. Ukishindwa, unakiachia, mwingine anaendelea pale ulipofika. Kisha mtu wa pili, siye wewe, anakagua. Ni kwa kugawana vipande namna hiyo watu wa mbali, ambao hawajaonana hata siku moja, wamechora vijiji vyetu vya Kongo wakati wa Ebola ya mwaka 2018. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa chuo na wakaaji wa mitaa walichora sehemu ambazo mafuriko yanaingia, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Picha ya satelaiti inaonyesha paa. Haionyeshi kwamba kisima kimekauka, wala haijui watu wanaiita avenyu ile kwa jina gani. Hiyo ni kazi ya mtu wa hapa.

Njo maana tunapendekeza tuanze upya, na mara hii bila vyeo. Kikundi cha kwanza kinachora kutoka picha. Cha pili kinatembea na kuuliza majina, na hakiingii katika lupango ya mtu mbele ya kumpasha habari shefu wa katiye na kumsalimia mwenye nyumba. Cha tatu kinakagua. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo tuligombana zaidi. Mkaguzi siye bosi. Kazi yake ni kuandika kosa liko wapi na namna ya kulirekebisha, na kazi yake mwenyewe inakaguliwa na mwingine. Mwaka jana dada mmoja aliacha kwa sababu kazi yake ilifutwa yote usiku mmoja, bila hata neno. Alikuwa amekosea barabara mbili tu.

Kila mtu afungue akaunti yake. Vitu vya pamoja, watu wawili wanashika neno la siri, na hawa wawili wasikae nyumba moja. Karatasi zinapigwa picha siku ileile. Anayetaka kuondoka anaondoka bila kusemwa vibaya, anaomba tu wiki moja ya kumwonyesha mwenzake. Mikutano inaisha mbele ya saa kumi jioni, kwa sababu wadada wa ng'ambo hawawezi kungoja mtumbwi gizani. Tulipofanya mikutano usiku tulishangaa kwa nini wanaume peke yao wanakuja. Kushangaa gani huko?

Kuhusu pesa. Kujitolea ni kuzuri, lakini tumbo haliko la kujitolea. ONG ikitaka ramani, iko wazi, ichukue. Ikitaka miguu yetu, ilipe mtumbwi, chakula na mega, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kuna wenzetu wanaosema tukikubali hata franka moja tumeuzwa. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Yule anayeweza kutumika bure miezi sita ni yule ambaye kwao wanakula bila yeye, na tukiendelea hivyo ramani itachorwa na watoto wa nyumba hizo tu.

Jumamosi inayokuja tunaanza na avenyu za karibu na kivuko, upande wa Alunguli. Tuko na simu tano zenye betri ya kutosha na ordinateri mbili, moja haina kibodi nzuri. Daftari liko pale mlangoni. Usiandike cheo. Andika jina lako, kikundi unachotaka, na masaa mangapi kwa wiki uko nayo kweli. Mawili yanatosha. Na yule mama amekubali turudi kwake, kwa sharti kwamba kisima chake kiandikwe kwa jina la marehemu mume wake, aliyekichimba.