Sukari Yangu, Mimba Yangu na Kikundi Chetu

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya kikundi. Yameandikwa karibu kama alivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie afya. Nilimwambia Katibu kwamba mimi si daktari wala muuguzi, mimi ni muuza maandazi, na maandazi yenyewe siyali. Akanijibu, "Wewe sema yaliyokukuta." Basi nasema yaliyonikuta, na pale nilipofundishwa na wataalamu nitasema nimefundishwa.

Mwenzenu nina kisukari tangu nikiwa na miaka 19. Ni kile cha kuchoma insulini kila siku. Nilipoolewa hakuna aliyeniambia kwamba mtu kama mimi hujiandaa kabla ya kubeba mimba, nami sikuuliza. Mimba ya kwanza niliijua ikiwa imekwisha fika miezi mitatu. Kliniki niliyokwenda walinipima uzito na presha, wakanijazia kadi, wakasema nirudi mwezi ujao. Huku mtaani nikaambiwa sindano inamuunguza mtoto tumboni. Basi nikawa naruka, leo nachoma, kesho sichomi, nikidhani namhurumia mwanangu. Mwezi wa nane akaacha kucheza. Alizaliwa mkubwa, kilo nne na nusu, nywele nyingi, mzuri jamani. Hakulia.

Ukweni walisema ni mkono wa mtu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu, na kuna jirani ambaye sikumwamkia kwa miaka miwili kwa sababu hiyo. Yumo humu ndani leo, na tulikwisha kusameheana.

Baadaye sana daktari mmoja alikaa na mimi akanieleza kwa kuchora kwenye karatasi. Alisema sukari ya mama inapita kwenye kondo la nyuma na kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haipiti kwenda kumdhuru. Kwa hiyo sindano haimuunguzi mtoto hata kidogo. Sukari ya mama ikizidi, mtoto analazimika kutengeneza insulini nyingi ya kwake, na ile insulini inamnenepesha. Ndiyo maana anakuwa mkubwa kupita kiasi. Ukubwa ule si afya. Anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na anaweza kufa tumboni bila dalili kubwa.

Akaongeza jambo ambalo lilinikata maini. Moyo wa mtoto, uti wa mgongo na ubongo vinaanza kuumbika katika wiki nane za mwanzo. Sasa akina mama, nani kati yetu anajua ana mimba ya wiki tano? Ukisubiri kliniki ya mwezi wa nne ndipo uanze kushusha sukari, kazi ya kuumba imekwisha pita. Mwenye kisukari lazima aanze kabla.

Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Ilikuwa mwaka wetu wa tano. Nilikuja kuomba mkopo, na nilipoulizwa ni wa biashara gani nikasema ni wa kutafuta mtoto. Mlicheka! Lakini nilipoeleza, mlinyamaza, na Mweka Hazina akafungua sanduku. Nilinunua mashine ya kupimia sukari, na vijiti vyake. Mashine si ghali kama vijiti, wenye ugonjwa huu watakubaliana nami. Wakati wa ujauzito nilikuwa napima mara saba kwa siku: asubuhi kabla ya kula, kabla na baada ya milo, na wakati wa kulala. Kikopo cha vijiti 50 kinakwisha kwa wiki moja.

Kabla ya mimba nilijiandaa miezi saba. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, huwezi kukidanganya kwa kufunga siku moja. Changu kilikuwa asilimia 10.4. Daktari akasema juu ya 10 usijaribu kubeba mimba kabisa, tumia uzazi wa mpango kwanza. Lengo ni chini ya 6.5, kama unaweza kufika bila sukari kuporomoka hovyo. Nilifika 6.4 mwezi wa saba. Wakati huohuo nilipewa foliki asidi ya miligramu 5 kila siku, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kawaida, nikaitumia mpaka mimba ilipotimiza wiki 12. Nilipimwa macho kwa ndani, maana ujauzito unaweza kuzidisha ugonjwa wa macho wa kisukari, na figo pia. Dawa yangu ya presha ilibadilishwa. Nilikuwa natumia enalaprili, na hiyo pamoja na kaptoprili hazimfai mama mjamzito, wala zile za kushusha mafuta kwenye damu. Lakini msiende nyumbani mkatupe dawa zenu! Nendeni mkaulize, mbadilishiwe.

Mimba ilipoingia viwango vyangu vilikuwa hivi: asubuhi kabla ya kula isifike 5.3, saa moja baada ya kula isifike 7.8. Niliviandika kwa chaki ukutani jikoni. Mume wangu alikuwa akipita anavisoma kama matokeo ya mpira.

Msidhani ilikuwa mteremko. Miezi ya mwanzo sukari ilikuwa inashuka ghafla, hasa na kule kutapika. Usiku mmoja mume aliniamsha nimelowa jasho la baridi, natetemeka, nasema maneno yasiyoeleweka. Alikwisha fundishwa: ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpe anywe, subiri dakika 15, pima tena, kisha mpe chakula. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Nawaomba mnaoishi na mgonjwa, siku hiyo msimnyime sukari eti ana kisukari. Na kutapika si sababu ya kuacha insulini. Ukiacha, damu inajaa asidi, na hiyo inaua mama na mtoto. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuanzia mwezi wa tano mambo yakageuka, insulini ikawa haitoshi. Kila kliniki wananiongezea, mpaka kufika mwezi wa nane nachoma zaidi ya mara mbili ya kiasi cha zamani. Niliogopa, nikafikiri ugonjwa umeshinda. Kumbe ni kondo la nyuma, linatoa vichocheo vinavyoizuia insulini kufanya kazi. Siku lilipotoka kipimo kilishuka mara moja, ikabidi wanipunguzie dozi palepale.

Insulini yangu ilikaa kwenye friji ya Mweka Hazina, maana mimi sina. Ilikaa chini karibu na mboga, si kwenye barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kila mtu ana maoni yake hapa. Nusu sahani mchicha au matembele, robo dagaa au maharage, robo ugali au wali. Ndiyo, hata ugali wa dona unapandisha sukari, na wa muhogo vilevile, hakuna ugali wa bure. Asali ni sukari. Na sisi watu wa Muheza tunaojivunia machungwa, kula chungwa moja zima, usikamue matano ukanywa kwa mkupuo.

Nilijifungua wiki ya 38, kwa upasuaji, hospitali yenye daktari na damu. Kilo 3.2. Alilia, tena alilia sana. Walimpima sukari kisiginoni, kwa sababu watoto wetu hawa sukari yao hushuka baada ya kuzaliwa, nikamnyonyesha ndani ya nusu saa. Sasa ana miaka minne, ndiye yule anayevuta kitambaa cha meza ya Mgeni Rasmi.

Kabla sijakaa, neno kwa ninyi msio na kisukari. Kuna kisukari kinachoanza katika mimba kwa mtu aliyekuwa mzima kabisa. Hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28 kwa kunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi. Kama umewahi kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi, au mzazi au ndugu yako ana kisukari, au una uzito mkubwa, usingoje kuambiwa, omba mwenyewe. Kikionekana wengine kinatulizwa kwa chakula na kutembea, wengine kwa dawa. Ukisha kujifungua rudi upimwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha upime tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maana kinaweza kurudi na kubaki.

Sasa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Katiba yetu inasema mfuko wa jamii ni wa msiba na kulazwa. Mimi nilipewa mkopo wa hisa, nikalipa na riba, sinung'uniki. Lakini wapo humu wanachama wawili vijana wenye sukari, hisa zao hazijafika za kukopa, na mmoja ameolewa mwezi uliopita. Tulivyo sasa, mtoto wake akifa tutamchangia sanda, lakini vijiti vya kumkinga asife hatuwezi kumnunulia. Naomba kifungu hicho kibadilishwe, na Katibu aliandike ombi langu kwenye kumbukumbu, lijadiliwe Jumamosi ijayo kabla ya kugawana.

Birika la bluu pale mezani ni chai isiyo na sukari. Hiyo ni yangu, msiitie chochote.